Herufi Tano Zinazoisumbua Bunia

*Mpaka wa Kongo na Uganda unapita pia juu ya klaviye za kompyuta, na anayeumia zaidi ni yule anayeandika Kiswahili.*

Mchapaji aliyefunzwa kwenye klaviye ya Kifaransa anaketi mbele ya kompyuta iliyonunuliwa Kampala. Hatazami vidole, macho yake yako kwenye karatasi iliyo pembeni. Anaandika majina ya teritwari tano za mkoa wa Ituri: Aru, Djugu, Irumu, Mahagi na Mambasa. Akiinua kichwa, kioo kinamwonyesha hivi: Qru, Djugu, Iru;u, :qhqgi, :q;bqsq.

Djugu peke yake imepona. Jina la mkoa, Ituri, nalo lingepona, maana herufi zake zote zinakaa palepale katika klaviye zote mbili. Lakini jina la mji mkuu wa mkoa huo lingetoka Buniq.

Mchapaji huyo hakukosa hata kitufe kimoja. Kila kidole kilishuka pale kilipofundishwa kushuka. Klaviye aliyojifunzia ni AZERTY, ya Wafaransa na Wabelgiji. Iliyo mbele yake ni QWERTY, ya Waingereza na Wamarekani, ambayo ndiyo ya kawaida Uganda, Kenya na Tanzania.

Bunia iko kwenye njia panda ya hizo mbili. Bidhaa nyingi za mji huu hutoka Kampala, zikivuka Ziwa Albert hadi Tchomia na Kasenyi, au zikipitia mpaka wa Mahagi, na kompyuta ni miongoni mwao. Hata hivyo ofisi za serikali, mahakama na vyuo huandika Kifaransa, na daktilografi (somo la kuchapa) iliyofundishwa katika shule za sehemu ya biashara ilikuwa ya AZERTY. Kompyuta za mtumba kutoka Ulaya nazo huja na herufi za huko zilikotoka. Ndiyo maana kibanda kimoja cha kuchapa na kutoa fotokopi kinaweza kuwa na klaviye za aina zote mbili juu ya meza moja, na mteja mwenye memwari (tasnifu) yake mkononi huangukia ile iliyo wazi.

Herufi zilizohama

Tofauti yenyewe ni ndogo ukiihesabu. Kati ya herufi 26 za alfabeti ya Kilatini, 21 zinakaa mahali palepale. Zilizohama ni tano tu: A na Q zimebadilishana nafasi, Z na W vilevile, na M imetoka mstari wa chini, jirani ya N, ikapanda hadi kulia mwa L. Hata vile vinundu viwili vidogo ambavyo kidole huvipapasa ili kujua kiko wapi, kimoja kwenye F na kingine kwenye J, havikusogea.

Kisha kuna tarakimu. Kwenye QWERTY tarakimu hupatikana kwa mguso mmoja. Kwenye AZERTY nafasi hiyo ya mguso mmoja imepewa é, è, ç, à na alama kadhaa za uandishi, na mwenye kutaka tarakimu lazima ashike Shift kwanza. Mwaka 2015, ambao Ituri ilifanywa mkoa baada ya Mkoa wa Mashariki kugawanywa, ukiandikwa kwenye AZERTY ya Kifaransa na mtu wa QWERTY hutoka éà&(. Ukiandikwa na mtu wa AZERTY kwenye QWERTY ya Kimarekani hutoka @)!%.

AZERTY nayo si moja. Ile ya Ufaransa huficha alama ya @ kwenye kitufe cha sifuri. Ile ya Ubelgiji huiweka kwenye kitufe cha mbili. Kistari cha kuunganisha maneno kiko kwenye kitufe cha sita katika klaviye ya Kifaransa, lakini katika ya Kibelgiji kimesogezwa mwisho wa mstari wa tarakimu. Anayefungua barua pepe kwenye mashine asiyoizoea hukwama kwanza kwenye @, na baada ya hapo kwenye neno la siri, ambalo kioo hulionyesha kwa vitone tu. Mwenye neno la siri lenye a, m na tarakimu anaweza kulirudia mara nyingi akiamini amelisahau, ilhali vidole vyake vinalikumbuka barabara.

Mstari wa Wabelgiji na Waingereza

Mpangilio wa QWERTY ulitoka Milwaukee, Marekani, katika kazi ya Christopher Latham Sholes, mhariri wa magazeti aliyegeuka mvumbuzi, na wenzake. Kampuni ya Remington ilianza kuuza mashine yao mwaka 1874, na kufikia mashine ya Remington Na. 2 ya mwaka 1878 herufi zilikuwa zimekaa karibu kama zilivyo leo. Watu wengi wameambiwa kwamba zilipangwa hivyo makusudi ili kumpunguzia mchapaji kasi. Watafiti wa Japani Koichi Yasuoka na Motoko Yasuoka waliipinga hadithi hiyo mwaka 2011, wakaonyesha kwamba waendeshaji wa telegrafu, waliokuwa wakitumia mashine za mwanzo kunakili ujumbe, walichangia kuzipanga herufi.

Ufaransa ilijitwalia AZERTY kufikia mwishoni mwa karne ya 19, na Ubelgiji ikafuata. Mwaka 1908 serikali ya Ubelgiji ilipoichukua Kongo kutoka mikononi mwa Mfalme Leopold II, mashine za kuchapa za ofisi zilikuja na mpangilio wa Brussels. Ng'ambo ya Ziwa Albert, Waingereza walileta wa London. Mpaka uliotenganisha himaya mbili ukatenganisha pia klaviye mbili.

Kwamba klaviye hufuata dola kabla ya kufuata lugha, ushahidi uko Ubelgiji kwenyewe. Wabelgiji wanaozungumza Kiholanzi hutumia AZERTY, wakati jirani zao wa Uholanzi, wenye lugha ileile, hutumia QWERTY. Wakongo walirithi uamuzi ambao hata huko ulikotoka haukupimwa kwa lugha za wote walioutumia.

Tangu mwaka 2003, baada ya majeshi ya Uganda kuondoka na kikosi cha Umoja wa Ulaya cha Operesheni Artemis kupita, mji wa Bunia ulijaa watumishi wa Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada, wengi wao wakifanya kazi kwa Kiingereza na kubeba kompyuta zao. Mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako QWERTY ndiyo iliyotawala tangu enzi za mashine za chuma. Kwa hiyo msukumo kutoka mashariki hautapungua.

Hoja ya Kifaransa

Wanaoitetea AZERTY wana hoja nzito, na haifai kuipita haraka. Katiba ya mwaka 2006 imekifanya Kifaransa kuwa lugha rasmi ya Jamhuri. Barua kwa gavana, hukumu ya mahakama, ripoti ya shule na memwari ya chuo vyote huandikwa kwa lugha hiyo, na Kifaransa bila aksenti ni Kifaransa chenye makosa. Kwenye AZERTY herufi é hupatikana kwa mguso mmoja. Kwenye QWERTY ya kawaida mchapaji hushika Alt na kuandika 130 ili kupata é, 138 ili kupata è, 135 ili kupata ç. Wako wanaozijua namba hizo kwa moyo kama wanavyozijua namba za simu za ndugu zao. Lakini ukurasa mmoja wa Kifaransa una é nyingi mno kuziandika kwa njia hiyo, na kompyuta ndogo nyingi hata hazina safu ya pembeni ya tarakimu ambayo namba hizo huitegemea.

Hata hivyo hoja hiyo ina mipaka yake. Québec, ngome ya Kifaransa huko Amerika ya Kaskazini, huandika Kifaransa kwa QWERTY iliyoongezewa herufi zenye aksenti. Waswisi wanaozungumza Kifaransa hutumia mpangilio wa tatu kabisa, QWERTZ, nao wana é, è na à zao. Na kwenye kompyuta ya QWERTY iliyoletwa kutoka Kampala inatosha kuchagua mpangilio wa kimataifa wa Kimarekani katika Windows: hapo mchapaji hubonyeza alama ya nukuu moja, kisha e, na é inatokea. Ni miguso miwili, na vidole huizoea upesi.

Ufaransa yenyewe haikuridhika na klaviye yake. Januari 2016 wizara yake ya utamaduni ililalamika kwamba klaviye zinazouzwa nchini zinafanya iwe vigumu kuandika Kifaransa sawasawa. Mfano mmoja ni É kubwa, ambayo AZERTY ya kawaida haina kitufe chake. Mwaka 2019 shirika la viwango la AFNOR lilitoa kanuni mpya yenye mipangilio miwili: AZERTY iliyoboreshwa, na BÉPO, ambayo ilipangwa upya kwa kufuata herufi ambazo Kifaransa hutumia zaidi.

> Sentensi ya Kiswahili yenye herufi 28: mkono uliozoea klaviye nyingine hukosea 14.

Kiswahili hakina Q

Katika ubishi huu wote kati ya Kifaransa na Kiingereza, lugha inayosikika zaidi katika mitaa na soko la Bunia imesahauliwa. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika katiba, na ndicho kinachobeba matangazo ya makanisa, barua za vyama vya akiba, mabango ya maduka na taarifa za redio. Nacho ndicho kinachopata hasara kubwa klaviye inapobadilishwa.

Chukua sentensi hii: Wananchi wa Bunia wanataka amani. Ina herufi 28. Ikiandikwa kwa mikono ya AZERTY kwenye QWERTY hutoka: Zqnqnchi zq Buniq zqnqtqkq q;qni. Herufi 14 zimeharibika, yaani nusu kamili.

Sasa linganisha na sentensi ya kawaida ya Kifaransa yenye kusema kwamba Bunia ndiyo makao makuu ya mkoa: Bunia est le chef-lieu de la province de l'Ituri. Ina herufi 38, na ukiacha alama za uandishi, zinazoharibika ni mbili tu, zote a. Msomaji angeielewa bila shida.

Sababu iko katika maumbile ya lugha yenyewe. Kiswahili huanza maneno mengi kwa m na wa, humalizia vitenzi vingi kwa a, na hutumia z na w bila ubahili. Zote hizo zimo katika zile tano zilizohama. Sentensi moja si utafiti, lakini yeyote anaweza kuchukua tangazo la kanisa au barua ya harusi, akahesabu mwenyewe, na ataona mwelekeo uleule.

Liko jambo jingine ambalo watetezi wa AZERTY hawalitaji. Kidole kidogo cha kushoto kinapopumzika kwenye QWERTY, hukaa juu ya A, herufi ambayo Kiswahili huitumia kuliko nyingine yoyote. Kwenye AZERTY kidole hichohicho hukaa juu ya Q, herufi ambayo Kiswahili hakina kabisa, na lazima kipande mstari wa juu kila mara kuitafuta A. Katika sentensi ile ya amani, kingepanda mara kumi. Kwa haki, AZERTY nayo ina zawadi yake: kidole kidogo cha kulia hupumzika juu ya M. Ila zawadi hiyo haifikii hasara ya A.

Kwa hiyo, kwa kazi ya Kiswahili peke yake, makala haya hayasiti: QWERTY ndiyo yenye faida. Kwa ofisi ambayo kazi yake kubwa ni Kifaransa, AZERTY ina sababu ya kubaki. Mji wa Bunia unahitaji zote mbili, na hapo ndipo elimu ya vidole inapoingia.

Vidole kumi

Tarehe 25 Julai 1888, huko Cincinnati, Marekani, wachapaji wawili walishindanishwa hadharani. Louis Traub alitumia mashine ya Caligraph, iliyokuwa na vitufe vya peke yake kwa herufi kubwa. Frank McGurrin, mwandishi wa mahakama kutoka Salt Lake City, alitumia Remington, akachapa kwa vidole vyote bila kutazama vitufe. McGurrin alishinda, na magazeti yakaueneza ushindi wake kama ushindi wa mbinu yenyewe.

Siku hizi sifa za mbinu hiyo zinapimwa kwa makini zaidi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, na wenzao wa Cambridge walichambua miguso milioni 136 ya watu wapatao 168,000. Wastani ulikuwa maneno 52 kwa dakika, na waliojifundisha wenyewe walikaribiana kwa kasi na waliosomea. Anayechapa kwa vidole vinne au sita, mradi anarudia njia zilezile kila siku, anaweza kuwa mwepesi.

Matokeo hayo yamewafanya wengine waone kwamba daktilografi ni somo la kizamani. Kwa Bunia, hitimisho hilo halifai. Waliopimwa na Aalto walisoma sentensi fupi kwenye kioo kilekile walichokuwa wakiandikia. Kazi ya kibanda cha kuchapa ni tofauti: mteja huleta daftari lenye mwandiko wa mkono, kurasa kwa kurasa, lenye mishale, vifupisho na mistari iliyokatwa. Anayelazimika kutazama vidole huinua na kuinamisha kichwa kwa kila neno, na kila akirudi kwenye daftari huutafuta upya mstari aliouacha. Hapo ndipo mistari inaporukwa, na memwari ikapoteza aya nzima bila mtu kujua hadi mbele ya majaji wa chuo. Mwenye vidole vilivyofunzwa huacha macho yakae kwenye daftari.

Faida ya pili ni kubwa zaidi kwa mji wenye klaviye mbili. Anayechapa kwa kugusa hahitaji herufi zilizochorwa juu ya vitufe. Vumbi jekundu la Bunia na miaka ya kazi huzifuta herufi hizo, na kwa anayetafuta kwa macho klaviye ya namna hiyo imekwisha kufa. Kwa anayegusa, ingali nzima. Na kompyuta haijui kilichochorwa juu yake: hufuata mpangilio uliochaguliwa ndani ya programu. Windows ikishawekewa mipangilio yote miwili, mtu hubonyeza kitufe cha Windows pamoja na nafasi, na pembeni mwa kioo ENG hugeuka FRA. Mashine ya Kampala imekuwa ya Brussels bila kubandikwa stika hata moja.

> Kompyuta haijui kilichochorwa juu ya vitufe vyake.

Njia hiyo haimsaidii anayetazama. Kwake yeye kila mabadiliko huongeza mkanganyiko, kwa sababu kitufe kinasema A na kioo kinaandika q. Mashine inayotumiwa na watu wengi kwa zamu, kama zile za vibandani na maabara za shule, huleta ugomvi kila mmoja anapoacha mpangilio wake bila kuurudisha. Stika zenye herufi za pande zote mbili husaidia huko, hasa kwa wateja wanaokuja mara moja moja.

Upendeleo mwingine ni wa mwili. Aliyekulia kwenye mashine ya chuma hupenda kitufe chenye kina kinachojibu kwa sauti, na ndiyo sababu Model M ya IBM, iliyotoka mwaka 1985 ikiwa na springi chini ya kila kitufe, ingali na wapenzi wake duniani. Vijana waliojifunzia kwenye kompyuta ndogo hupenda vitufe bapa. Hakuna haja ya kuwapatanisha. Klaviye ya nje yenye waya wa USB inamruhusu kila mmoja abebe yake.

Herufi ambazo hazipo popote

Waandishi wa lugha nyingine za Ituri wana tatizo ambalo AZERTY na QWERTY zote hazilitatui. Kingiti, cha kusini mwa Irumu, kina irabu nyingi kuliko tano za Kiswahili, na toni hubadilisha maana ya neno, kama alivyoeleza Constance Kutsch Lojenga katika sarufi yake ya mwaka 1994. Kilendu cha Djugu kina konsonanti za kuvuta hewa ndani ambazo alfabeti ya kawaida haikuzitengea herufi. Lingala yenyewe, katika maandishi ya wataalamu, ina ɛ na ɔ, ambazo watu huandika e na o tu kwa kukosa pa kuzibonyeza.

Kazi ya kuziba pengo hilo imeanza zamani, ingawa haionekani madukani. Mifumo ya Linux ina mpangilio uliopewa jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: ni AZERTY kwa umbo, na umeongezewa ɛ, ɔ na alama za toni. Programu ya Keyman, inayotolewa bure na shirika la SIL, humwezesha mtu kutengeneza klaviye ya lugha yake na kuigawa. Watafsiri wa Biblia na wanaisimu wamekuwa wakiishi kwa zana za aina hiyo. Shule za Djugu na Irumu zingestahili kuzipata pia.

Mbele ya meza ya majaribio

Mahali ambapo jambo hili linaacha kuwa la mazoea na kuwa la mkate ni kwenye jaribio la kazi. Tangazo hudai ujuzi wa kompyuta, mwombaji huitwa, hupewa ukurasa wa kuchapa na muda maalumu. Aliyesomea AZERTY akikuta QWERTY, au kinyume chake, anapimwa kwa herufi tano ambazo hazikuhama kwa kosa lake, na kama ukurasa ni wa Kiswahili, anaweza kupoteza nusu ya anachoandika kabla hajajirekebisha. Mwajiri naye anabaki na alama zisizomwambia lolote kuhusu uwezo wa mtu huyo baada ya wiki mbili kwenye mashine aliyoizoea.

Kulirekebisha hakuhitaji fedha. Mipangilio yote miwili imo tayari ndani ya kila Windows, na kuiongeza ni kazi ya dakika chache, ambayo ofisi ingeifanya mara moja kwa kompyuta zake zote. Siku ya jaribio msimamizi angemuuliza kila mwombaji swali moja, AZERTY au QWERTY, na kubonyeza vitufe viwili kabla ya kuanza kuhesabu dakika.